Barua Pepe Zinaingia Lakini Hazitoki: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa

Barua za wateja zinaingia kwenye Outlook au Thunderbird kama kawaida, lakini kila unachojibu kinaganda. Kabla hujagusa kitu: usifute akaunti, na usiondoe programu ili uisakinishe upya. Huo ndio ushauri unaotolewa haraka kuliko wote maofisini, na ndio wenye hasara kubwa kuliko wote. Akaunti iliyowekwa kwa njia ya POP3 mara nyingi huwa imeshusha barua kwenye kompyuta na kuzifuta kule kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma inayoshughulikia barua zako), kwa hiyo nakala pekee iliyobaki ni ile iliyo kwenye mashine yako. Ukifuta akaunti bila kuangalia unachobonyeza, zinaweza kupotea oda, ankara na mawasiliano ya miaka, kwa sababu ya namba moja tu iliyokosewa kwenye mipangilio. Kusakinisha upya nako hakusaidii: mipangilio ya zamani hubaki kwenye wasifu wako, na kosa hurudi lilivyokuwa.

Liko jambo moja la kushika, na hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Kupokea na kutuma ni kazi mbili zinazofanywa na huduma mbili tofauti kule kwenye seva, kupitia poti tofauti (milango ya mtandao inayotambulishwa kwa namba), na programu inaweza kuhifadhi nenosiri la kila upande peke yake. Barua kuingia kunathibitisha kwamba intaneti ipo na upande wa kupokea uko sawa. Kuhusu upande wa kutuma hakusemi lolote.

Fikiria sanduku la posta. Mwenye ufunguo hufungua sanduku lake na kuchukua barua bila kumuuliza mtu. Akitaka kutuma, inambidi aende dirishani, na pale kuna masharti yake: stempu, uzito, anwani iliyoandikwa sawasawa. Ufunguo wa sanduku haumsaidii kitu dirishani.

Masharti hayo hayakuwapo tangu mwanzo. Kanuni za kutuma, yaani SMTP, zilichapishwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi chache, na hazikudai nenosiri. Barua taka zilipofurika miaka ya 1990, poti 587 ilitengwa mwaka 1998 ili watumiaji wakabidhi barua zao hapo, na mwaka 1999 ukaja utaratibu rasmi wa kumtaka mtumaji ajitambulishe. Kufuli zimeongezwa moja baada ya nyingine, na kila moja inaweza kukataa kufunguka kwa sababu yake.

Hatua ya 1: Soma ujumbe wa kosa wote, neno kwa neno

Wengi wanabonyeza "OK" haraka ili dirisha liondoke. Usifanye hivyo. Piga picha ya skrini, kwa sababu jibu mara nyingi liko mle ndani, kwenye namba ya tarakimu tatu ambayo seva imeirudisha. Namba inayoanza na 4 maana yake ni tatizo la muda: seva inakwambia ujaribu tena baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja, na kurudia mara ishirini hakutabadilisha kitu.

Ujumbe ukisema muda umekwisha au seva haipatikani, na hakuna namba ya tarakimu tatu, programu yako haikufika kwenye seva kabisa. Kosa liko njiani: poti, ukuta-moto (kinga inayozuia mawasiliano ya mtandao), jina la seva lililoandikwa vibaya. Outlook hulionyesha hili kwa msimbo wa 0x80042109. Nenda hatua ya 4 na ya 6.

Ukiona 530 au 535, umefika lakini hujatambuliwa. Hilo ni suala la nenosiri, au la programu kutolipeleka nenosiri kabisa. Ukiona 550 au 554 pamoja na maneno "relaying denied" au "relay access denied", kwa kawaida sababu ni hiyohiyo: seva inakuona kama mpita njia anayetaka kuitumia kupeleka barua za watu wengine. 553 mara nyingi ina maana kwamba anwani iliyo kwenye sehemu ya mtumaji si ya akaunti uliyoingia nayo. 552 ni ukubwa wa barua au nafasi iliyokwisha. 421, 451 na 452 ni za kusubiri kidogo.

Kama barua iliondoka vizuri, kisha baada ya muda ukapata jibu kutoka kwa "Mailer-Daemon" kwamba haikufika, hilo ni tatizo lingine. Programu yako imetuma. Shida iko kati ya seva yako na ya mpokeaji, au anwani yake umeikosea.

Hatua ya 2: Jaribu kutuma kupitia kivinjari

Fungua Chrome au Firefox, ingia kwenye akaunti hiyohiyo kwa njia ya wavuti, na utume barua fupi kwenda anwani iliyo kwa mtoa huduma mwingine. Ukiwa na barua pepe ya kikoa cha kampuni, ukurasa huo kwa kawaida umepewa na aliyekuuzia nafasi ya tovuti. Usijitumie mwenyewe tu, kwa sababu barua ya ndani ya seva moja inaweza kupita hata pale njia ya kwenda nje imefungwa.

Jaribio hili dogo linagawa tatizo katikati. Barua ikiondoka kupitia kivinjari, akaunti yako ni nzima na kosa liko kwenye programu, kompyuta au mtandao unaotumia. Isipoondoka hata huko, usihangaike na mipangilio ya Outlook: ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 3: Safisha kikasha cha zinazosubiri kutoka

Fungua folda ya "Outbox". Barua moja nzito iliyokwama mbele inaweza kuzuia zote zilizo nyuma yake, hasa kwenye intaneti ya bando isiyo na kasi ya kupandisha. Kwenye Outlook, kwanza angalia kama umewasha "Work Offline" bila kujua, kwenye kichupo cha "Send / Receive". Ikiwa barua inakataa kuguswa, washa "Work Offline" kwa makusudi, funga programu na uifungue tena, kisha ivute barua hiyo hadi kwenye rasimu. Halafu zima "Work Offline".

Viambatisho vina hesabu yake ambayo watu wengi hawaijui. Faili likiambatishwa kwenye barua hubadilishwa kuwa maandishi, ambapo kila baiti 3 huwa herufi 4. Faili la MB 20 linasafiri likiwa na takriban MB 27. Kwa hiyo kikomo cha MB 25, kama kile cha Gmail, kwa kweli kinabeba faili la MB 18 hivi kinapopimwa ujumbe mzima. Seva nyingi za kampuni zina kikomo cha chini zaidi ya hapo. Picha za skani zipunguze, au weka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni na utume kiungo.

Jaribu sasa na barua ya mstari mmoja isiyo na kiambatisho. Ikienda, umemaliza.

Hatua ya 4: Kagua mipangilio ya seva ya kutuma

Hapa ndipo makosa mengi yalipo, kwa hiyo nenda polepole.

Kwenye Thunderbird, fungua mipangilio ya akaunti na ushuke hadi chini kabisa ya orodha ya kushoto, penye "Outgoing Server (SMTP)". Wengi hawafiki huko kwa sababu iko mbali na akaunti yenyewe. Ukiwa na akaunti kadhaa, angalia pia kwamba kila akaunti imeunganishwa na seva yake ya kutuma. Thunderbird inaweza kuwa inajaribu kutuma barua za ofisi kupitia seva ya Gmail yako binafsi, au kupitia seva ya kampuni uliyoiacha zamani.

Kwenye Outlook ya kawaida ya Windows, njia ya uhakika ni kupitia Control Panel: chagua "Mail", kisha akaunti, bonyeza "Change", halafu "More Settings". Katika kichupo cha "Outgoing Server" kuna kisanduku kinachosema seva ya kutuma inahitaji uthibitisho. Lazima kiwe na tiki, na chini yake uchague kutumia mipangilio ileile ya seva ya kupokea. Kisanduku hiki kikiwa wazi, barua zitaingia siku zote na hazitatoka hata moja. Kama ulipata lile kosa la "relaying denied", karibu kila mara dawa yake ni hii. (Akaunti ikiwa ya aina ya Exchange, mfumo wa Microsoft wa barua za ofisi, hutaona haya yote; aina hiyo haitumii SMTP kutoka kwenye Outlook.)

Baada ya hapo linganisha jina la seva, poti na aina ya usimbaji (kuficha mazungumzo ili wengine wasiyasome njiani):

- Gmail: smtp.gmail.com, poti 465 kwa SSL/TLS au 587 kwa STARTTLS
- Yahoo: smtp.mail.yahoo.com, poti 465 kwa SSL/TLS
- Outlook.com na Hotmail: smtp-mail.outlook.com, poti 587 kwa STARTTLS
- Microsoft 365 ya ofisi: smtp.office365.com, poti 587 kwa STARTTLS
- Kikoa cha kampuni: jina ulilopewa na mwenye seva, mara nyingi kwa mtindo wa mail.kampuniyako.co.tz au .co.ke, na poti 465

Poti na usimbaji ni jozi, na jozi hiyo haivunjwi. Poti 465 husimba mazungumzo tangu sekunde ya kwanza, ndiyo SSL/TLS. Poti 587 huanza wazi, kisha pande zote mbili zinakubaliana kusimba, ndiyo STARTTLS. Ukiweka 465 pamoja na STARTTLS, kila upande unamsubiri mwenzake aanze, na programu inaganda hadi muda uishe. Dalili hiyo inafanana kabisa na intaneti mbovu, na imewafanya watu wengi kununua bando jingine bila sababu.

Ukikuta poti 25, ibadilishe bila kusita. Hiyo ni ya seva kuzungumza na seva, na watoa huduma wengi wa intaneti duniani wanaifunga kwa wateja wa kawaida ili kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka. Ofisi inaweza kuwa imeitumia miaka mingi bila shida, kisha ikabadilisha mtoa huduma wa intaneti na asubuhi yake hakuna barua inayotoka. Fundi atasema hakuna kilichoguswa kwenye kompyuta, na atakuwa anasema kweli.

Jina la mtumiaji liwe anwani kamili, pamoja na alama ya @ na kikoa.

Hatua ya 5: Nenosiri la upande wa kutuma

Ukibadilisha nenosiri la akaunti, programu itakuuliza jipya itakapotaka kupokea, utaliandika, na utadhani kazi imekwisha. Upande wa kutuma unaweza kuwa bado umeshikilia lile la zamani. Kwenye Thunderbird, nenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, fungua manenosiri yaliyohifadhiwa, na ufute ule mstari unaoanza na smtp:// peke yake. Utakapotuma tena utaulizwa upya. Kwenye Outlook, andika nenosiri jipya ndani ya mipangilio ya akaunti. Ikiwa kwenye kichupo cha kutuma kuna jina na nenosiri vilivyowekwa kando, visahihishe na vyenyewe.

Kwa Gmail, jambo lingine. Tangu Mei 2022 Google haikubali nenosiri la kawaida kwenye programu za nje kwa akaunti binafsi. Kuna njia mbili: uthibitisho wa OAuth2, ambapo unaingia kupitia dirisha la Google lenyewe, au nenosiri la programu lenye herufi 16, linalopatikana baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Microsoft nao walifunga njia ya nenosiri la kawaida kwa Outlook.com na Hotmail mnamo 16 Septemba 2024, na wao wanataka OAuth2.

Hapo ndipo unapopata hali ya upande mmoja kufanya kazi na mwingine kufa. Mtu anabadilisha upande wa kupokea kuwa OAuth2, barua zinaanza kuingia, anafurahi, na upande wa kutuma unabaki kwenye nenosiri la kawaida. Fungua seva ya kutuma, tafuta sehemu ya njia ya uthibitishaji, na uiweke OAuth2 pia. Programu ya zamani sana, kama Outlook 2010, haiijui njia hii. Kwa huyo, kuhamia programu mpya ndiyo suluhisho la kweli, na Thunderbird ni ya bure.

Hatua ya 6: Kagua njia yenyewe

Mipangilio ikiwa sahihi na bado programu haifiki kwenye seva, zima mtandao wa ofisi na uunganishe kompyuta kwenye mtandao wa simu yako. Barua ikitoka, kompyuta haina kosa. Ruta au ukuta-moto wa ofisi, wa hoteli au wa chuo umefunga poti.

Kipimo cha uhakika zaidi: kwenye Windows fungua PowerShell na uandike

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587

ukiweka jina la seva yako na poti yako. Mstari wa mwisho ukisema "True", njia iko wazi. Ukisema "False", kuna kizuizi. Kwenye Mac au Linux andika nc -vz smtp.gmail.com 587. Jaribu 465 na 587 zote mbili. Mara nyingi moja imefungwa na nyingine iko wazi, na unahamia tu kwenye iliyo wazi, ukikumbuka kubadilisha usimbaji wake.

Kingavirusi nacho kinashukiwa. Baadhi yake hukaa katikati kukagua barua zinazotoka, na baada ya sasisho hukata mawasiliano. Zima sehemu ya kukagua barua pepe tu, kwa dakika chache, na ujaribu. Usikizime chote, na usikiache kimezimwa. VPN nayo izime kwa jaribio hilohilo.

Ukipata onyo la cheti (hati ya kidijitali ambayo seva hujitambulisha nayo), angalia kwanza saa na tarehe ya kompyuta. Mashine yenye betri ya ubao mama iliyokufa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika, na vyeti vyote vinaonekana batili. Kupokea kunaweza kuendelea hata hivyo, kama kulisetiwa bila usimbaji kwenye poti 110 au 143, na hilo lenyewe lirekebishwe. Kama tarehe ni sahihi, huenda jina uliloandika halilingani na jina lililo kwenye cheti, jambo la kawaida kwenye seva zinazobeba tovuti nyingi. Ruhusa uliyoipa cheti upande wa kupokea haihesabiki upande wa kutuma, kwa kuwa Thunderbird huhifadhi ruhusa hizo kwa kila poti. Lakini usizoee kuruhusu. Muulize mwenye seva jina sahihi na uliweke.

Mwisho wa njia kuna orodha za anwani za IP (namba zinazotambulisha miunganisho ya intaneti) zinazoshukiwa kutuma barua taka, kama zile za Spamhaus. Kwenye intaneti ya simu, wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja ya IP; mmoja wao akiwa na kompyuta inayomwaga barua taka, anwani inaorodheshwa na wote mnakataliwa. Ujumbe wa kosa huitaja orodha hiyo pamoja na IP. Seva iliyosetiwa vizuri haimkatalii mteja aliyejitambulisha kwa nenosiri kwenye 465 au 587, kwa hiyo mpigie mwenye seva. Kuzima na kuwasha modemu kunaweza kukupa IP nyingine, na barua ya haraka ikapita.

Hatua ya 7: Kama hata kivinjari kimekataa

Sababu ya kwanza ni kikomo. Gmail ya kawaida huruhusu takriban wapokeaji 500 kwa siku, na kampuni za kuhifadhi tovuti nyingi huweka kikomo kwa saa. Katibu akituma mwaliko wa mkutano kwa wanachama wote kwa mkupuo, anaweza kuifungia ofisi nzima. Subiri, na siku nyingine tumia huduma iliyotengenezwa kwa barua za wengi.

Sababu ya pili ni nzito: akaunti imeingiliwa, na mwenye seva amesimamisha kutuma ili barua taka zisiendelee. Kupokea huachwa wazi, ndiyo maana unaona barua zinaingia. Usiombe tu ufunguliwe. Badilisha nenosiri ukitumia kompyuta unayoiamini, kagua virusi, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, halafu fungua vichujio na mipangilio ya kusambaza barua. Wezi hupenda kuweka kichujio kinachoficha majibu ya wateja, huku wao wakiwatumia wateja hao ankara zenye namba nyingine ya akaunti ya benki. Ukikuta kichujio usichokijua, wapigie simu wateja wanaokudai au unaowadai, siku hiyohiyo, kabla pesa haijatoka.

Hatua ya 8: Barua imetoka, lakini programu inasema imeshindwa

Kwenye IMAP, njia ya kupokea inayoacha barua kwenye seva, programu hutuma kwanza, kisha huhifadhi nakala kwenye folda ya zilizotumwa. Hizo ni kazi mbili. Kisanduku chako kikiwa kimejaa, ya pili inashindwa na unaona kosa, ilhali mpokeaji ameshaipata barua. Ukirudia, anapokea mara tatu nukuu ya bei ileile. Soma ujumbe: ukitaja folda ya "Sent", futa barua za zamani zenye viambatisho vizito, na umwombe mpokeaji athibitishe kabla hujatuma tena.

Unapomwandikia au kumpigia mwenye seva

Ukifika hapa, una kila anachohitaji. Mpe maneno kamili ya kosa, saa lilipotokea kwa saa za Afrika Mashariki au za mahali ulipo, jina la seva na poti ulizotumia, IP yako ya nje, jibu la PowerShell, na kama kivinjari kilituma au la. Kwa maelezo hayo atapata mstari wako kwenye kumbukumbu za seva bila kukuuliza maswali ya mwanzo. Nenosiri usimpe, anaweza kuona kumbukumbu hizo bila hilo, na anayeling'ang'ania kwa simu huenda si mtu wa kampuni hiyo. Kata, upige mwenyewe kwa namba iliyo kwenye ankara yao.